Samani za Bustani na Upepo wa Pwani: Namna ya Kuzifunga Ardhini

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika misimu ya kaskazi na kusi, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mara kwa mara angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa Pwani ya Bahari ya Hindi, yaani mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na visiwa vya Mafia, Lindi na Mtwara, na visiwa vya Unguja na Pemba. Mvuvi na nahodha wa boti hulielewa tangazo hilo papo hapo. Mwenye bustani ya nyumbani, meneja wa hoteli ya ufukweni, mmiliki wa mgahawa wa wazi na mwalimu mkuu ambaye shule yake ina bembea uwanjani, hao aghalabu hulipokea kama habari ya baharini isiyowahusu.

Upepo huo huo unaoinua mawimbi hufika uani. Hukuta huko mwavuli uliofunguliwa tangu asubuhi, viti vya plastiki vilivyozunguka meza, benchi la mbao lililowekwa juu ya nyasi na bembea ya chuma ambayo miguu yake imekaa tu juu ya udongo. Vitu hivyo havikuundwa kuruka, lakini vikishikwa na upepo vinaweza kuvunja kioo cha dirisha, kuharibu gari la jirani au kumjeruhi mtoto. Makala hii inaeleza kilomita 40 kwa saa zina maana gani kwa samani za nje, jinsi kila aina ya samani inavyoweza kufungwa ardhini kulingana na udongo uliopo, na zipi ambazo hazipaswi kufungwa bali kuingizwa ndani.

Nguvu iliyomo katika tarakimu

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba msukumo wa upepo hauongezeki sambamba na kasi yake, bali kwa kipeo cha pili cha kasi hiyo. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukikutana na uso ulio wima husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 8 katika kila mita ya mraba. Kwa kilomita 60 nguvu hiyo hufikia kilo 17, na kwa kilomita 80 hufikia kilo 31. Aidha, upepo huja kwa mapigo. Pigo moja la sekunde chache huweza kuzidi kwa mbali kasi ya wastani, na ni pigo hilo linaloangusha vitu, si wastani.

Kiti cha kawaida cha plastiki kina uzito usiozidi kilo 3, na mgongo wake una eneo linalokaribia theluthi ya mita ya mraba. Kwa kilomita 40 kwa saa kinasukumwa kwa nguvu ya kilo 2 na nusu hivi, kiasi kinachotosha kukiburuta na kukipindua kikiwa hakina mtu. Benchi la mbao lenye uzito wa kilo 35 halitatikisika kwa upepo huo. Ndiyo maana wengi huamini kwamba benchi zito halihitaji kufungwa. Lakini kwa kilomita 80 benchi hilo hilo, kama mgongo na kiti chake vinaupa upepo eneo la mita za mraba 0.6, litasukumwa kwa kilo 18 au zaidi katika sehemu yake ya juu, na kwa kuwa miguu yake imeachana kwa nusu mita tu kutoka mbele hadi nyuma, litapinduka. Uzito pekee si kinga. Upana wa miguu na urefu wa mgongo vina nafasi kubwa vilevile.

Hatari kuliko zote ni mwavuli mkubwa. Mwavuli wenye kipenyo cha mita 3 una eneo la mita za mraba 7. Pigo la upepo likiingia chini ya ukingo wake ulioinuka, mwavuli hugeuka tanga: kwa kilomita 40 kwa saa nguvu ya kuuinua yaweza kufikia kilo 54, kwa kilomita 60 kilo 120, na kwa kilomita 80 zaidi ya kilo 200. Makadirio haya ni ya hali mbaya, pale upepo unapokijaza kitambaa chote, lakini hali hiyo ndiyo inayopaswa kupangiwa. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege, ambayo hutumika sana kama kitako cha mwavuli, ina uzito wa kilo 48. Iliyojazwa mchanga mkavu ina kilo 32, na iliyojazwa maji ina kilo 20 tu. Kwa hesabu hiyo, ndoo ya zege yaweza kushindwa katika kiwango cha chini kabisa cha upepo kinachotangazwa, na ndoo ya maji haifai hata kufikiriwa.

Maturubai ya shughuli nayo yanastahili kutajwa, ingawa si samani. Turubai la mita 6 kwa 12 lina eneo la mita za mraba 72, na upepo wa kilomita 40 ukiingia chini yake waweza kuliinua kwa nguvu inayozidi nusu tani. Kulifunga kwenye miguu ya viti walivyokalia waombolezaji au wageni wa harusi ni kuwaweka watu mahali pa vigingi.

Pwani hii na vimbunga

Ipo dhana kwamba vimbunga ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Ni kweli kwamba Tanzania, kwa kuwa karibu na Ikweta, hufikiwa na vimbunga kwa nadra. Hata hivyo kumbukumbu zipo. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo vilivyokuwa bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiko kilimo cha karafuu kilikopata nguvu. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kingine kilifika Lindi. Mwezi Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea pwani ya nchi na kupungua nguvu kabla ya kufika. Tarehe 4 Mei, 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya kusini, kikaathiri Mafia na mikoa ya Lindi na Mtwara kwa upepo na mvua kubwa. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika katika Wilaya ya Kilwa, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa kwa muda.

Kati ya taarifa za awali za Hidaya na kufika kwake zilipita siku chache tu. Muda huo unatosha kukunja miavuli, kurundika viti na kuviingiza ndani. Hautoshi kuchimba msingi, kumwaga zege na kusubiri likomae. Kazi ya kufunga samani ardhini ni ya siku za shwari, na katika ukanda wa pwani vipindi vya utulivu kati ya kaskazi na kusi ndivyo vinavyofaa zaidi.

Kabla ya kuchimba

Katika viwanja vya mijini, chini ya nyasi hupita mabomba ya maji, mabomba ya maji taka na wakati mwingine nyaya za umeme. Mwananchi anayekusudia kuchimba shimo linalozidi kina cha jembe anapaswa kwanza kufahamu njia ya mabomba ya nyumba yake, na pale penye shaka ya nyaya za umeme zilizofukiwa, kuwasiliana na ofisi ya TANESCO ya eneo lake. Mpangaji huhitaji ridhaa ya mwenye nyumba.

Kwa wenye maeneo ya ufukweni liko jambo la kisheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa pale ambapo shughuli hizo zaweza kuathiri hifadhi ya mazingira ya eneo hilo. Msingi wa zege uliozikwa mchangani ni kitu cha kudumu, hata kama kinachokaa juu yake ni benchi la watu wawili. Ndani ya eneo hilo inafaa kutumia vifungo vinavyong'olewa, au kuondoa samani kabisa kila jioni. Katika fukwe ambazo kasa hupanda kutaga mayai, kama zile za Mafia, kuziondoa usiku kuna faida ya ziada, kwa kuwa kasa jike akikutana na kizuizi njiani anaweza kurudi baharini bila kutaga.

Msingi wa zege kwa benchi na meza

Kwa udongo wa kawaida wa bustani, njia ya kuaminika zaidi ni kuzika misingi midogo ya zege chini ya miguu ya samani na kuikaza miguu hiyo kwa bolti. Benchi la watu watatu hutosheka na misingi miwili, mmoja kila upande, ilimradi kila msingi ushike mguu wa mbele na wa nyuma kupitia kipande cha chuma bapa au ubao wa kuunganisha miguu hiyo. Shimo lenye upana wa sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 45 hutoa msingi wenye uzito wa karibu kilo 97, mbali na msaada wa udongo unaouzunguka.

Kwa mashimo hayo mawili huhitajika nusu mfuko wa saruji. Kipimo kinachofaa ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto; nusu mfuko hujaza karibu ndoo moja ya lita 20, hivyo ndoo hiyo hiyo, ikijazwa hadi alama ile ile, itapima mchanga mara mbili na kokoto mara nne. Maji yawe ya kutosha kulainisha mchanganyiko na si kuufanya uji. Kosa linalojirudia pwani ni kutumia mchanga wa ufukweni na maji ya bahari kwa sababu vipo karibu. Chumvi iliyomo hula nondo na bolti ndani ya zege. Kutu huvimba, zege hupasuka, na kifungo kilichoonekana imara hutoka kwa kuvutwa na mkono. Mchanga unaofaa ni wa mtoni au wa machimbo, na maji yanayofaa ni yale ya matumizi ya nyumbani.

Bolti ziwe na unene wa milimita 12, na ncha ya chini ikunjwe ili zisichomoke. Kabla ya kumwaga zege, kipande cha ubao kitobolewe kwa kufuata matundu ya miguu ya benchi lenyewe, kisha bolti zipitishwe katika ubao huo na kushikiliwa humo hadi zege lishike. Fundi anayekisia nafasi za bolti kwa macho hujikuta siku ya pili akizipiga nyundo ili ziingie, na bolti iliyopigwa ndani ya zege changa hulegea moja kwa moja.

Uso wa msingi uinuke sentimita 2 au 3 juu ya ardhi na uwe na mteremko mdogo ili maji ya mvua yasituame mguuni. Ufunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji kwa siku 7. Benchi laweza kufungwa baada ya siku hizo. Zege hufikia nguvu yake inayokusudiwa baada ya siku 28, kwa hiyo katika wiki za mwanzo ni busara kutolipa mtihani mkubwa.

Miguu ya mbao isizikwe ndani ya zege. Desturi hiyo imeenea na huonekana nadhifu, lakini zege hushika unyevu kuzunguka mti kama kikombe, na mchwa hupata njia iliyofichika. Hata mninga au mvule hauna kinga ya milele katika hali hiyo. Mguu wa mbao ukalie kiatu cha chuma kilichofungwa kwenye msingi, ukiwa umeinuliwa sentimita 3 hadi 5 kutoka ardhini, ili ukauke baada ya mvua na ili dalili ya mchwa ionekane mapema.

Mwavuli

Mwavuli wa kudumu hustahili msingi wake peke yake. Shimo la nusu mita kila upande na kina cha nusu mita huchukua lita 125 za zege, ambazo ni pungufu kidogo ya mfuko mmoja wa saruji, na hutoa uzito wa kilo 300. Katikati yake huzikwa bomba la chuma lililopakwa zinki, pana kidogo kuliko mti wa mwavuli, likiwa limesimama juu ya tabaka la kokoto tupu ili maji yanayoingia yapate njia ya kushuka. Mti wa mwavuli hutumbukizwa humo na kuzuiwa kwa bolti inayopenya bomba na mti. Bila bolti hiyo, kilo zote 300 hazina maana, kwa kuwa upepo hauhitaji kuinua msingi. Huchomoa mwavuli kama kisu kutoka kwenye ala. Mwavuli unapoondolewa, mdomo wa bomba uwekewe kifuniko. Mguu wa mtoto huingia humo kwa urahisi.

Hata hivyo, msingi mkubwa usimfanye mtu auache mwavuli wazi katika upepo. Mbavu na kitambaa vitavunjika kabla ya zege kutikisika, na vipande vya mbavu vitaruka badala ya mwavuli mzima. Mwavuli uliofungwa na kuzungushiwa kamba hupoteza karibu eneo lake lote, na hiyo ni kinga kubwa kuliko saruji yoyote. Kwa mgahawa au hoteli, inafaa mfanyakazi mmoja wa kila zamu apewe jukumu la kufunga miavuli na wateja waelezwe hivyo bila kuona haya. Mwavuli ulioanza kuruka usishikwe. Anayeurukia ili kuuzuia humezwa na nguvu ambayo mwili wa mtu mmoja hauwezi kuishinda, na ncha ya mti wake huenda popote.

Penye sakafu, pevingi, mchanga na mwamba

Juu ya sakafu ya zege iliyokomaa hakuna haja ya kuchimba. Sakafu hutobolewa kwa drili, vumbi hutolewa kikamilifu, kisha bolti ya kupanuka huingizwa na kukazwa. Tundu lisiwe karibu na ukingo wa sakafu kwa chini ya sentimita 10, kwani bolti inapopanuka huweza kumega ukingo huo. Sakafu nyembamba ya lipu iliyowekwa juu ya udongo haifai kwa njia hii.

Tofali za pevingi huwadanganya wengi. Uso wake ni mgumu kama sakafu, lakini kila tofali limelala juu ya mchanga na lina uzito wa kilo chache tu. Benchi lililofungwa kwenye tofali mbili za pevingi litapinduka pamoja na tofali zake. Zinazohitajika ni kung'oa tofali za mahali hapo, kumwaga msingi chini yake kama ilivyoelezwa, na kuzirudisha kuzunguka mguu.

Katika mchanga wa pwani kigingi kilichonyooka hutoka kwa urahisi, hasa mchanga ukiwa mkavu. Kigingi cha chuma chenye umbo la parafujo hushika vizuri zaidi. Iko pia njia isiyo na gharama kubwa: gunia lililojazwa mchanga huzikwa kwa kulazwa, likiwa limefungwa kamba imara ambayo ncha yake hubaki juu. Gunia la sentimita 60 kwa 40 lililofukiwa ili uso wake uwe sentimita 60 chini ya ardhi hubebeshwa mchanga wa kilo 230 hivi, na ili kulitoa ni lazima mchanga huo wote uinuliwe. Kamba ya manila huchakaa kwa jua, kwa hiyo sehemu iliyo juu ya ardhi ikaguliwe kila msimu. Kwa vigingi vya maturubai, kichwa cha kigingi kielekee mbali na turubai, na kamba ifungwe karibu na ardhi, si kwenye ncha ya juu.

Sehemu za Unguja, Pemba, Mafia na Mtwara ziko juu ya mwamba wa matumbawe, na mara nyingi sululu hukutana nao kabla ya kina cha sentimita 20. Hapo nguvu ya kuchimba ihamishiwe kwenye kutoboa: tundu la kina cha sentimita 15 au zaidi katika mwamba mgumu, lililosafishwa na kujazwa saruji laini, kisha nondo yenye hesi ikazikwa humo. Mwamba uliooza, unaobomoka kwa mtaimbo, uondolewe kwanza.

Udongo mweusi wa mbuga una tabia yake. Huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi mfupi uliomo hupanda, hushuka na hatimaye kuinama. Kwa wakazi wa maeneo yenye udongo huo, wakiwemo baadhi ya wale wa ukanda wa Ziwa Victoria ambako upepo mkali wa ziwani nao hutolewa angalizo, inashauriwa kuchimba kina zaidi, kuondoa udongo mweusi na kujaza moramu iliyoshindiliwa kabla ya kumwaga zege.

Bembea na samani za umma

Bembea hutofautiana na samani nyingine kwa kuwa nguvu yake haitoki kwenye upepo peke yake. Mtoto anapobembea, miguu ya fremu huinuliwa na kushushwa kwa zamu mamia ya mara kwa siku. Kila mguu unapaswa kuwa na msingi wake, na uso wa msingi ufukiwe chini ya udongo ili mtoto akianguka asikutane na zege. Bembea ambayo mguu wake mmoja huonekana ukiinuka, hata kwa sentimita moja, isitumike hadi itengenezwe.

Katika bustani za halmashauri, vituo vya mapumziko na maeneo ya hospitali, samani hufungwa pia kwa sababu ya wizi wa vyuma chakavu. Mafundi wengi hutatua jambo hilo kwa kuchomelea nati juu ya bolti. Uchomeleaji huo huunguza tabaka la zinki mahali pale pale panapolihitaji zaidi, na huifanya samani isiweze kuondolewa haraka kimbunga kinapotangazwa. Bolti zenye kichwa kinachohitaji spana maalumu, spana yenyewe ikitunzwa na msimamizi, hufanya kazi zote mbili.

Kutu

Ndani ya kilomita chache kutoka baharini, adui mkubwa wa kifungo ni hewa yenye chumvi. Bolti za chuma kitupu zilizopakwa rangi tu huanza kuliwa ndani ya miezi. Zile zilizochovywa katika zinki hudumu zaidi, na za chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko zote, ingawa bei yake ni ya juu. Meza au kiti cha alumini kikifungwa kwa bolti ya chuma bila kitu cha kutenganisha, alumini huliwa kuzunguka tundu. Washa ya mpira au plastiki kati ya metali hizo mbili huzuia hali hiyo kwa gharama ndogo sana.

Ukaguzi ufanyike walau mara mbili kwa mwaka, kabla ya kaskazi na kabla ya kusi. Mahali pa kutazama ni pale mguu unapokutana na ardhi, kwa sababu ndipo maji, chumvi na mchanga hukusanyika. Benchi lisukumwe kwa mikono miwili kutoka nyuma, si kwa kutazamwa tu. Nati inayozunguka kwa vidole ikazwe. Bolti iliyopungua unene ibadilishwe.

Tangazo linapotolewa

TMA hutumia viwango vitatu vya tahadhari: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Kwa bustani, angalizo la upepo mkali litoshe kufunga miavuli yote na kurundika viti vya plastiki, rundo hilo likifungwa kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba. Vyungu vya maua vilivyo juu ya kuta na vibaraza vishushwe. Tahadhari ikitolewa, kila kisichofungwa ardhini kiingizwe ndani: viti, meza nyepesi, vioo vya meza, mito, majiko ya mkaa, vitanda vya kuotea jua. Meza nzito isiyoingia mlangoni ipinduliwe, uso chini, karibu na ukuta. Minazi yenye nazi zilizokomaa isiachwe juu ya mahali pa kukaa watu.

Inapotolewa tahadhari kubwa, kazi ya nje iwe imekwisha. Samani iliyosahaulika iachwe ilipo, na watu wabaki ndani mbali na madirisha hadi TMA itakapotoa taarifa ya kupungua kwa hali hiyo. Panapotokea mtu kujeruhiwa, kunaswa au jengo kuporomoka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba ya dharura 114 bila malipo.